Vazi la triathloni: majini safi, kwapani balaa

Nimelivaa wiki sita. Nilishawatangazia ndugu na marafiki kuwa nachangisha fedha za wodi ya watoto, na wameshachanga, kwa hiyo kurudi nyuma hakuna. Mashindano yangu ya kwanza ya triathloni ni yale mafupi: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5, yote bila kubadili nguo.

Majini halijai maji, na nikianza kukimbia limeshakauka nusu. Pedi ya makalioni, ile iliyoshonewa ndani ya vazi, ni nyembamba. Mbio haisumbui, ila juu ya tandiko, mh, makalio yanajua. Mshono wa kwapani ulinichubua hadi nikaanza kupaka mafuta ya mgando. Zipu ya mgongoni siifikii, nimeifungia kamba ya kiatu. Nyota tatu.