Foku za baiskeli za milimani: ipi ununue, na kwa nini

Ukiingia dukani kutafuta foku yenye shokapu (ile miguu miwili inayoshika ringi ya mbele), swali la kwanza utakaloulizwa ni: unataka ya milimita ngapi, yaani mzamo wake, umbali inaoweza kuzama? Swali hilo limewapotosha watu wengi. Foku inayozama milimita 160 bila kujizuia ni mbaya kuliko ya milimita 120 inayozama kwa adabu na kurudi kwa adabu. Waendeshaji wanaozipenda foku maarufu kama RockShox Pike au Fox 36 hawazipendei urefu wake. Wanazipenda kwa sababu tairi la mbele linabaki ardhini: unashuka kwenye mawe na mizizi, unashika breki, na baiskeli bado inakwenda unakoielekeza.

Kazi hiyo inafanywa na vitu viwili ndani ya miguu ya foku. Mguu mmoja una springi, ya chuma au ya hewa iliyobanwa. Mguu wa pili una dampa, yaani mfumo wa mafuta unaopita kwenye matundu na valvu ili foku isizame kwa kishindo wala isirudi juu kama mpira. Springi inabeba uzito wako, dampa inatawala mwendo. Foku za bei ya chini kabisa zina springi nzuri ya kutosha lakini dampa yake ni ya jina tu, na tofauti ya bei unayoiona dukani iko hapo zaidi ya mahali pengine popote.

Springi ya hewa ina faida moja kubwa kwa mnunuzi: unaijaza kulingana na uzito wako. Mtu wa kilo 58 na mtu wa kilo 95 wanaweza kutumia foku ileile kwa kubadilisha hewa tu. Springi ya chuma haikupi nafasi hiyo. Usipokufaa ugumu wake, inabidi ununue springi nyingine. Lakini springi ya chuma ni laini mwanzoni mwa kuzama, haibadiliki kwa joto, na haina sili za hewa (pete za mpira za kuzuia uvujaji) za kuchakaa.

Sasa orodha yangu. Nimeipanga kwa kile mnunuzi anachopata kwa pesa yake, nikimfikiria mtu mwenye baiskeli ya njia za msituni na milimani ambaye hashindani kwa mshahara.

1. RockShox Pike

RockShox ndiyo iliyoufungua mlango huu. Paul Turner aliianzisha mwaka 1989, na foku yao ya kwanza, RS-1, ilizama takriban sentimita 5 tu. Mwaka 1990 Greg Herbold alishinda mbio za dunia za kushuka mlima huko Durango, Colorado, akiwa na foku yao, na mjadala wa kama baiskeli inahitaji shokapu ukaanza kufifia. Leo kampuni iko chini ya SRAM, kampuni kubwa ya vifaa vya baiskeli.

Pike ya sasa ina mirija (ile ya juu inayoteleza ndani ya miguu ya chini) yenye kipenyo cha milimita 35 na huuzwa kwa mzamo wa milimita 120 hadi 140. Uzito wake uko chini kidogo ya kilo 2. Ni ngumu kiasi cha kutopinda unapokata kona kwa kasi, na bado si nzito kiasi cha kukuchosha kwenye mlima mrefu. Ngazi ya juu, Ultimate, ina dampa ya Charger 3 inayokuruhusu kurekebisha kuzama kwa pole (unapokanyaga pedali au kushika breki) kando na kuzama kwa ghafla (unapogonga jiwe). Marekebisho hayo mawili hayaingiliani, na hilo ni jambo la thamani kwa anayejifunza, kwa sababu ukigeuza kitufe kimoja unajua ni nini hasa umebadilisha.

Je, unaihitaji Ultimate? Wengi hawaihitaji. Pike Select ina mirija ileile ya milimita 35 na dampa rahisi zaidi, kwa bei ya chini sana. Ningemshauri rafiki achukue Select na pesa iliyobaki anunue tairi nzuri za mbele na nyuma.

Naiweka ya kwanza pia kwa sababu ya spea. Sili, bushi (vikuku vya ndani ambamo mirija huteleza) na vifaa vya matengenezo vya Pike vinapatikana kwa urahisi, na kampuni inatoa bure miongozo kamili ya kuifungua na kuifunga. Kwa mtu anayeishi Arusha, Nakuru au Bukavu, ambako spea lazima iagizwe, jambo hili lina uzito kuliko kitufe chochote.

2. Marzocchi Bomber Z2 na Z1

Marzocchi ni jina la Bologna, Italia, tangu mwaka 1949, na foku zao za Bomber za miaka ya 1990 bado zina wapenzi wake. Fox walinunua upande wa baiskeli mwaka 2015, na tangu hapo Bomber ni mahali Fox wanapouza ujuzi wao kwa watu wasio na pesa nyingi.

Z2 ina mirija ya milimita 34 na vitufe vichache: unaweka hewa, unaweka kasi ya kurudi, unaweka ugumu wa kuzama, unaondoka. Inafaa baiskeli yenye shokapu mbele tu. Z1 ni kubwa zaidi, mirija ya milimita 36, na ina dampa ya GRIP, ambayo kwa miaka mingi imesifiwa kuwa inafanya kazi vizuri hata ukiisahau kidogo kwenye matengenezo. Tena Z1 inapatikana kwa springi ya chuma. Ni nzito, hilo halifichiki. Lakini kwa mtu anayeendesha kwenye vumbi la murram, mbali na fundi wa kuaminika, naiona Z1 ya springi ya chuma kuwa mali. Hakuna hewa ya kuvuja usiku, na inameza vijiwe vidogo kwa ulaini ambao foku nyingi za hewa za bei yake haziufikii.

3. Fox 36

Ukiniuliza foku ipi ni bora kuliko zote kwa kuendesha, pesa ikiwekwa kando, nitakutajia hii. Imekuwepo tangu katikati ya miaka ya 2000 na imekuwa ikisanifiwa upya karibu kila baada ya miaka michache. Dampa zake za juu, GRIP2 na baadaye GRIP X2, zinadhibiti kuzama na kurudi kwa undani unaoonekana pale njia inapokuwa mbaya kweli, kama miteremko ya mawe ambapo mapigo yanafuatana bila kupumzika. Foku dhaifu hapo huzidi kuzama kila pigo kwa sababu haipati muda wa kurudi. Hii inarudi.

Kuna jambo jingine dogo ninalolipenda. Nyuma ya miguu ya 36 na 38 kuna vitufe vya kutoa hewa. Hewa hunaswa ndani ya miguu ya chini foku inapofungwa, na ukipanda juu mlimani hewa hiyo inatanuka na kuifanya foku iwe ngumu. Aliyefunga foku yake Mombasa au Dar es Salaam kisha akaenda kuendesha kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kwenye mita 3,000, ataihisi tofauti hiyo mikononi. Kwenye Fox unabonyeza vitufe na kwisha. Springi yenyewe nayo itasoma kwenye pampu kama psi (kipimo cha shinikizo la hewa) 4 au 5 zaidi kule juu kuliko pwani, kwa hiyo pima tena ukifika.

Kwa nini basi ni ya tatu? Bei. Ngazi ya Factory, ile yenye mirija ya rangi ya dhahabu inayoitwa Kashima, hupita dola 1,000. Performance Elite ina dampa ileile bila rangi ya dhahabu, na ndiyo ninayoipendekeza. Fox pia wanataka foku ifunguliwe kikamilifu kila baada ya saa 125 za kuendesha au mara moja kwa mwaka.

4. Manitou Mattoc na Mezzer

Utazitambua kwa upinde unaounganisha miguu: uko nyuma, wakati wengine wengi wameuweka mbele. Manitou ilianzishwa Colorado na Doug Bradbury, na mpaka leo inafanya mambo kwa njia yake. Mezzer ina mirija ya milimita 37, na ile ya ngazi ya Pro ina chumba cha pili cha hewa kinachokuruhusu kurekebisha katikati na mwisho wa mzamo kando na mwanzo. Anayependa kupima na kurekebisha atafurahi. Tena unaweza kubadilisha mzamo kwa vipande vidogo vya ndani, bila kununua shafti mpya kama inavyotakiwa kwenye Pike au 36. Tatizo lake ni moja: mafundi wachache wanazijua.

5. RockShox SID

Hii ni ya wanaoshindana mbio ndefu za kupanda na kushuka, na kwao ingekuwa ya kwanza. Karibu kilo 1.5 kwa ile ya mirija ya milimita 35. Kama hupimi muda wako, nunua Pike.

6. Recon, Markhor na XCR Air

Hapa ndipo wasomaji wengi walipo. Una baiskeli ya mtumba kutoka Ulaya au Japani, tairi la inchi 26 au 27.5, foku ya zamani imekufa. RockShox Recon Silver, Manitou Markhor na SR Suntour XCR Air ni foku za hewa zenye dampa ya kweli kwa sehemu ndogo ya bei ya zile za juu. Hazina ujanja mwingi. Zinazama, zinarudi kwa kasi unayoichagua, na zinabeba uzito wako uliopimwa. Kati ya hizo, Markhor naiona bora kwa baiskeli nyepesi za zamani, kwa kuwa inapatikana kwa shingo (mrija unaoingia kwenye fremu) iliyonyooka na ekseli ya milimita 9.

SR Suntour XCT sijaiweka kwenye orodha. Ni ya springi ya chuma yenye mirija myembamba ya milimita 28, na utaikuta kwenye baiskeli nyingi mpya za bei nafuu. Kwa kwenda kazini inatosha. Kama bajeti yako inaishia hapo na unataka kupanda milima, nunua foku ngumu ya chuma isiyo na shokapu na tairi pana la inchi 2.3 lenye upepo wa wastani. Utakuwa na baiskeli nyepesi zaidi, na hakuna kitakachoharibika.

Foku kubwa za mirija ya milimita 38, yaani RockShox ZEB na Fox 38, ni za baiskeli zilizosanifiwa kwa mzamo wa milimita 160 na kuendelea. Zikifungwa kwenye fremu isiyoundwa kwa ajili yake zinaweza kuivunja.

Itaingia kwenye baiskeli yako?

Swali hili limepoteza pesa za watu wengi. Foku nzuri za sasa karibu zote zina shingo inayopanuka chini, kutoka milimita 28.6 juu hadi inchi moja na nusu chini. Fremu nyingi za mitumba zina tundu la shingo iliyonyooka, na foku hizo haziingii. Pima kabla ya kulipa. Pima na habu (kitovu cha ringi): foku nyingi mpya zinataka ekseli ya milimita 15 na habu yenye upana wa milimita 110, mtindo unaoitwa Boost. Ringi yako ya zamani ya ekseli ya milimita 9 haitakaa, kwa hiyo jumlisha gharama ya ringi mpya.

Usiongeze mzamo kwa tamaa. Kila milimita 20 za ziada zinalaza pembe ya mbele ya baiskeli kwa takriban nyuzi 1, zinainua usukani, na zinaongeza mzigo kwenye shingo ya fremu. Milimita 10 au 20 juu ya ile ya kiwandani, kama mtengenezaji wa fremu anaruhusu, basi.

Ukinunua iliyotumika

Foku bora iliyotumika ni ununuzi mzuri kuliko foku mbovu mpya, ila ikague mchana, kwenye mwanga. Pitisha ukucha kwenye mirija, hasa upande wa nyuma. Mkwaruzo unaokwama kwenye ukucha utakula sili. Rangi ya mrija iliyofifia kwa mabaka maana yake bushi zimekaa kavu muda mrefu. Shika breki ya mbele, weka kidole mahali mrija unapoingia kwenye mguu, sukuma baiskeli mbele na nyuma: ukihisi mchezo, bushi zimekwisha. Sikiliza pia kelele ya kukwaruza pale mirija inapoungana na bega la foku, kipande cha juu kinachoishika. Sehemu hiyo hushindiliwa kiwandani, na ikilegea hubadilishwa nzima kwa bei kubwa.

Muulize muuzaji namba. Fox wana msimbo wa alama nne za herufi na tarakimu kwenye mguu, RockShox wana namba ya usajili unayoweza kuiingiza kwenye tovuti yao ya Trailhead, na zote mbili zitakuambia hasa foku iliondoka kiwandani ikiwa na nini.

Pamoja na foku, agiza mambo mawili: pampu ya shokapu, kwa sababu pampu ya tairi haifai kabisa kwa kazi hii, na seti moja ya sili za ukubwa wa mirija yako. RockShox wanataka miguu ya chini isafishwe na kuwekwa mafuta mapya kila saa 50. Kwenye vumbi letu mimi nisingengoja saa hizo ziishe. Fundi mzuri wa pikipiki anaelewa sili na mafuta ya foku. Mpe mwongozo wa kampuni na kiasi sahihi cha mafuta kwa mililita, asikadirie kwa macho.

Siku ya kwanza, jaza hewa kwa jedwali lililobandikwa kwenye mguu, panda ukiwa na begi na maji yako yote, simama juu ya pedali kama unateremka, kisha soma pete ya mpira iliyo kwenye mrija imesogea kiasi gani. Kwa foku ya milimita 140, milimita 28 ni asilimia 20, mwanzo mzuri. Halafu tafuta ngazi au ukingo wa barabara, ushuke umekaa. Foku ikirudi juu na kutulia mara moja, kasi ya kurudi iko sawa. Ikiruka zaidi ya mara moja, geuza kitufe chekundu cha kasi ya kurudi kliki moja upande wa pole na ushuke tena.