Magician ya Raymond Feist: nilitaka kuona mtoto akijifunza kazi

Nilinunua riwaya hii kwa shilingi 12,000 kwa muuza vitabu vya mtumba, toleo nene la kurasa zaidi ya 600, jalada lake limegandishwa kwa gundi. Inaitwa Magician, imeandikwa na Mmarekani Raymond E. Feist. Nilimwambia muuzaji natafuta hadithi ya kijana anayefundishwa kazi na mtu mzima. Akanitolea hii: mtoto wa jikoni anachukuliwa na mtaalamu wa uchawi kuwa mwanafunzi wake. Sikuomba hata apunguze bei, jambo ambalo mke wangu ananikumbusha mpaka leo.

Niseme kwanza kwa nini mada hii inanigusa. Mimi nilifundishwa kazi gereji, Morogoro, nikiwa na miaka 17. Mwaka wa kwanza sikugusa injini. Nilikuwa naosha vyuma kwa petroli, nakimbilia chai na chapati za mafundi, na napitisha spana. Mzee akiwa chini ya gari ananyoosha mkono tu: "Kumi na nne!" Nikimpa kumi na tatu, inarudi ikiruka. Baada ya miezi kadhaa nikawa naijua spana kwa uzito wake kabla sijaangalia namba. Hakuna aliyenikalisha chini akanifundisha hilo. Sasa mtu kama mimi akishika hadithi ya mwanafunzi na fundi wake, hata kama kazi yenyewe ni uchawi, anaisubiri siku ile mkono unapoanza kujua.

Na mwanzo wake, wallahi, ni mtamu. Pug ni yatima anayelelewa jikoni katika ngome ya Crydee. Tufani inamkuta ufukweni, nguruwe mwitu nusura amuue msituni, analala kwenye kibanda cha Kulgan, mtaalamu mnene mwenye kiko na joka dogo la kufugwa. Kulgan ana tufe la kioo. Anampa mtoto alitazame, na mtoto, badala ya kuona nyota au wafalme, anaona jikoni kwao, mpishi akiwa kazini. Mwandishi anayewaza hivyo anamjua mtoto. Halafu inakuja siku ya uteuzi: vijana wamesimama uani, kila fundi mkuu anaita anaowataka. Rafiki yake Tomas anachukuliwa na mkuu wa askari. Wenzake wanaitwa mmoja mmoja mpaka Pug anabaki peke yake. Aliyewahi kubaki wa mwisho timu za chandimu zikigawanywa ataelewa namna nilivyosoma ukurasa ule. Ndipo Kulgan anapomwita.

Hapa nikwambie shida niliyopata nyumbani. Mama mkwe alikuwa ametutembelea, akauliza, "Baba Neema, unasoma nini usiku wote huo?" Nikakosa neno. Nikisema mchawi, kwetu mchawi ni mtu wa kuroga majirani. Mazingaombwe ni yale ya shuleni, ya kutoa njiwa kwenye kofia. Nikasema, "Mama, ni kijana anafundishwa uganga." Akatikisa kichwa, akauliza, "Amebeba mkoba miaka mingapi?" Swali zuri kuliko mengi niliyosoma kuhusu kitabu hiki. Kwa wazee wetu, anayefundishwa uganga anaufuata mkoba wa mwalimu wake porini, anachimba mizizi asiyoambiwa kazi yake, anatwanga, anakoroga, anatumwa usiku. Anapokabidhiwa mkoba wake mwenyewe, kila jani lililomo anajua lilikoota.

Pug habebi mkoba. Tunaambiwa kwamba anasoma magombo, kwamba maneno anayashika, kwamba akitaka kuyatumia kitu fulani kinaziba. Tunaambiwa. Somo lenyewe, mwalimu na mwanafunzi wakihangaika na jambo moja mpaka lishike au ligome, linatajwa kwa mbali kama kelele za chumba cha pili. Kisha binti wa mtawala wa Crydee anavamiwa na mazimwi, Pug anapatwa na hofu, na maneno ya uchawi yaliyogoma siku zote yanamtoka yenyewe mdomoni. Kesho yake amepewa cheo na ardhi, binti anamtolea macho, na karakana ya Kulgan inasahaulika kama gari lililokosa spea.

Baada ya hapo inaingia vita. Watu kutoka dunia nyingine, Watsurani, wanapita kwenye mpasuko uliofunguliwa angani, na kitabu kinatawanyika: wafalme, mabaraza, mbilikimo wa migodini, majeshi kuzingira ngome. Pug anatekwa na kupelekwa utumwani Kelewan, dunia ya hao Watsurani, anakata miti kwenye kinamasi. Sehemu hiyo ya utumwa, nikiri, niliipenda. Kelewan hakuna chuma cha maana. Silaha na deraya zinatengenezwa kwa mbao na ngozi, na kisu cha kawaida cha kwetu kule ni utajiri. Mtu wa gereji akisoma hilo anasimama kidogo. Nilikaa nikiwaza gari la Kelewan lingefungwa kwa nini.

Kisha wakuu wa uchawi wa huko wanamgundua na kumchukua. Nikasema moyoni, haya sasa, hapa ndipo. Nilisogeza taa. Wakamfuta kumbukumbu zote za maisha yake, wakamvika kanzu nyeupe, na mafunzo ya miaka yakabanwa kwenye kurasa chache, nadhani niliyamaliza kabla chai haijapoa. Anayetoka upande wa pili anaitwa Milamber, ni mkuu anayeogopwa, na haupiti muda anakasirika kwenye uwanja wa michezo ya mfalme wao na kuuteketeza kwa moto na tetemeko. Mimi niliyemfuata tangu jikoni sikuona alipolishika tetemeko kwa mara ya kwanza, wala lilipomponyoka. Na aliyefundishwa si yule mtoto wa kwenye tufe la kioo, maana huyo alikuwa amefutwa.

Kuna maelezo, ndiyo. Uchawi una njia mbili, Ndogo na Kuu. Kulgan ni wa Ndogo, Pug kazaliwa wa Kuu, kwa hiyo Kulgan asingeweza kumfundisha hata angefanyaje. Mwandishi anadhani hapo amefunga hesabu. Kwangu ndipo alipoivunja. Miaka yote ya kugoma kule mnarani kwa Kulgan haikuwa na maana: mwanafunzi hakukosea, mwalimu hakukosea, hakuna aliyejirekebisha. Ni sawa na mimi kuambiwa zile kumi na tatu zote zilizorudi zikiruka ni kwa sababu nilizaliwa fundi wa ndege.

Mtu asiseme mafunzo hayawezi kusisimua. Ursula K. Le Guin aliyaandika mwaka 1968, katika A Wizard of Earthsea, kitabu chembamba unachoweza kukitia mfuko wa koti. Ged anamfuata mwalimu wake Ogion, wanatembea tu, wananyeshewa, wanatazama majani. Kijana anachoka, anauliza mafunzo yataanza lini, anaambiwa yamekwisha kuanza. Nilicheka peke yangu, maana nilishauliza swali hilohilo nikiwa na chupa ya chai mkononi. Na kwetu, Shaaban Robert katika Adili na Nduguze alimpa Adili nyani wawili wa kuchapa kila usiku, ndugu zake mwenyewe waliogeuzwa. Kurasa chache, lakini uchawi ule unamuumiza anayeushika. Milamber anaunguza uwanja mzima, na kinachofuata hakikuniuma nilivyotarajia.

Nilipochimba nikakuta dunia hii ilianza kama mchezo wa mezani, wa kuigiza wahusika, ambao Feist na wenzake walikuwa wakiucheza California walipokuwa chuoni. Inaonekana. Kila mto una jina, kila mji una historia, ramani imejaa. Mchezaji wa mezani haoneshwi mhusika wake akijifunza. Anapanda ngazi, basi, usiku unaendelea. Riwaya ilitoka mwaka 1982, na mwaka 1992 likaja toleo ambalo mwandishi alirudisha maneno kama 15,000 yaliyokuwa yamekatwa. Hilo ndilo nililonalo mimi. Maneno 15,000, na Kulgan bado hajapata hata wiki moja nzima ya kufundisha! Marekani waliigawa vitabu viwili, na cha kwanza wakakiita Mwanafunzi. Nilipoona hivyo nikacheka vibaya.

Si kitabu kibovu, nisionekane mchoyo. Kiingereza chake ni chepesi, vita vinaeleweka nani yuko wapi, na yule joka mzee anayekufa ndani ya mgodi, akiwa na Tomas pembeni, ni kurasa nzuri sana. Wanawake wamechorwa kwa haraka. Katala, mke wa Pug, nilitamani aongee zaidi. Mwaka 2003 Waingereza walipopiga kura ya BBC ya vitabu wanavyovipenda, hiki kilishika nafasi ya 89, kwa hiyo wapenzi kinao. Ukitaka vita na falme, 12,000 si pesa ya kulia. Ukitaka mwanafunzi, kamtafute Ged.

Mpwa wangu wa kidato cha tatu alikichukua likizo, akakimaliza kwa siku nne. Nikamweleza malalamiko yangu yote, spana na mkoba na kila kitu. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mjomba, shikamoo yako, lakini wewe ulitaka kitabu cha gereji." Sasa anataka Silverthorn, kinachofuata. Nimemwambia Jumamosi aje, kuna vyuma vya kuosha.