Endimili ya hai-spidi au ya kabaidi: ipi ikate chuma chako?

Endimili ni kikatio chenye meno kinachozunguka kwenye mashine ya kuchonga chuma; huwa ya hai-spidi (chuma kigumu cha kukatia) au ya kabaidi (mchanganyiko wa tungsteni na kaboni, mgumu zaidi). Kwa bei, hai-spidi inashinda bila ubishi, na ikiwa butu fundi mwenye mkono mzuri huinoa kwa jiwe la kawaida la karakana. Kabaidi ni ghali, na kuinoa vizuri kunadai jiwe la almasi.

Kwenye kasi mambo yanageuka. Katika chuma laini, hai-spidi hukata vizuri makali yake yakienda mita 25 hivi kwa dakika. Kabaidi huweza 90 na zaidi. Kwa endimili ya milimita 10, hiyo ni mizunguko kama 800 kwa dakika dhidi ya 2,900. Sasa tazama mashine yako: ikiwa mwisho wake ni mizunguko 1,500, kasi uliyoilipia huipati.

Uimara ndipo wengi tunapopoteza pesa. Kabaidi huvumilia joto kali, ilhali hai-spidi ikifika nyuzi 600 hivi hulainika na makali kufa. Lakini kabaidi huvunjika kama kioo. Kazi ikitikisika, au maji ya kupozea yakija kwa kukatika-katika, meno hupasuka. Hai-spidi huvumilia mtikisiko huo. Na zote mbili, tafadhali, usizilishe chuma kwa woga, kidogo kidogo mno: zikisugua badala ya kukata huisha mapema, hasa kwenye chuma kisichoshika kutu.

Karakana ya matengenezo yenye mashine ya zamani ningeipa hai-spidi. Anayekata mamia ya vipande vilevile kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, kabaidi itamrudishia gharama.