Another Year (2010): kama umepita arobaini, jiandae

Kama umezoea filamu za kibandani, VJ, yule mtafsiri wa filamu, anapiga kelele na risasi kila dakika, hii utalala mapema. Hakuna kitu kinalipuka. Ni Waingereza wanakunywa chai, wanalima bustani, wanakunywa divai, misimu minne ya mwaka, zaidi ya saa mbili, basi. Lakini wewe kaa tu, mwongozaji Mike Leigh anajua anachofanya.

Kuna Tom na mkewe Gerri, wametulia, wanapendana, halafu kuna Mary (Lesley Manville), sekretari anayefanya kazi pamoja na Gerri, hana mume, hana mtoto, anaongea bila kupumua na glasi haimtoki mkononi, ananunua kagari kadogo kekundu akidhani sasa maisha yataanza, hako kagari nako kanamsumbua tu. Eti tena anamtamani Joe, kijana wao! Hapo nilitaka kuzima tivii kwa aibu. Manville ni moto jamani, anacheka huku unaona kabisa anazama. Imelda Staunton anatokea mwanzoni kidogo halafu anapotea, nilibaki namtafuta.

Walionikera ni hao wenye ndoa, wema wao una kiburi fulani hivi, wanampikia ila ndani kabisa hawamuingizi. Hapa Kampala tunao akina Mary wengi, kila kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, wanaulizwa "na wewe lini?", watu wanacheka, wao wanaongeza bia.

Mwisho sisemi. Nne juu ya tano, katikati inaburuta.