Ruta ya laini kwa nyumbani: ununue ipi, ikae wapi, ikigoma ufanyeje

Kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo kutafuta ruta, pima kwanza nyumba yako. Wengi wanaoniambia "hii ruta ni kimeo" wana ruta nzima kabisa, na shida iko kwenye mnara. Ruta ya laini haitengenezi intaneti. Inagawa ile inayoifikia pale ilipowekwa, basi.

Kupima kunakula bando tu. Weka laini ya mtandao unaoufikiria kwenye simu ya 4G, pita chumba kwa chumba mchana, halafu rudia saa mbili usiku watu wakiwa wamesharudi kutoka kazini. Azima na laini ya jirani ya mtandao mwingine, ufanye vilevile. Kwetu Goba, huku bondeni, mtandao niliouzoea mjini miaka yote ulikuwa haufungui hata video fupi sebuleni, na ule ambao sikuwahi kuutumia ulikuwa unakimbia. Nikahamia huko.

Sasa ununue ipi? Nimezipanga kuanzia ninayoipendelea zaidi, kwa nyumba ya kawaida: watu wanne hadi sita, TV moja, simu kadhaa, na mwanafunzi anayesoma mtandaoni.

Ya kwanza: ruta ya 4G Cat 6 (Cat ni daraja la kasi ya ruta), isiyofungwa kwa mtandao mmoja, yenye matundu mawili ya antena ya nje. Mfano ni Huawei B525 au TP-Link Archer MR600. Cat 6 ina uwezo wa kuunganisha masafa mawili ya mnara kwa wakati mmoja, na kikomo chake cha kasi ni 300 Mbps (megabiti kwa sekunde). Cat 4 mwisho wake ni 150. Namba hizo za kwenye boksi hutaziona nyumbani, lakini mnara unaporuhusu, utaona tofauti jioni mtaa mzima unapokuwa hewani. Pia zina Wi-Fi ya aina mbili, 2.4 GHz inayopita ukuta vizuri na 5 GHz yenye kasi zaidi ukiwa karibu.

Ila kilichonifanya niiweke juu ni yale matundu ya mgongoni. Ruta yangu ilikuwa juu ya stendi ya TV. Nikafungua 192.168.8.1 kwenye simu, nikaingia kwenye taarifa za kifaa, nikatafuta RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara: -112. Namba hii kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. -80 ni safi, -100 unavumilia, ikishuka chini ya -110 ni mateso. Nikavuta ekstensheni ndefu hadi dirisha la chumba cha watoto linalotazama kilima: -101. Nikaipandisha juu ya kabati, -97. Wiki iliyofuata fundi akafunga antena mbili kwenye bomba la dishi, juu ya bati, nyaya zikaingilia dirishani: -86. Laini ileile, bando lilelile. Bila yale matundu mawili safari yangu ingeishia juu ya kabati.

Namba ya pili ya kuangalia ni SINR, inayoonyesha usafi wa mawimbi. Ikiwa juu ya 13 umepata. Ikishuka chini ya sifuri, hata nguvu ikiwa kubwa utasumbuka.

Ya pili: Cat 4 ya bei nafuu, kama Huawei B315 au TP-Link TL-MR6400. Hizi zimejaa madukani, nyingine zimetumika. Wi-Fi yake ni 2.4 GHz pekee, na kwa watu wawili watatu inatosha kabisa. Mtu mwenye bajeti ndogo namshauri achukue hii, kisha kinachobaki akiweke kwenye antena ya nje. Itamfaa kuliko Cat 6 iliyofichwa nyuma ya TV.

Ya tatu: MiFi, yaani ruta ndogo ya mfukoni. Inamfaa mpangaji wa chumba kimoja, msafiri, au mtu ambaye kwao umeme ni wa kubahatisha, kwa kuwa ina betri yake. Udhaifu wake ni antena ndogo. Tena ukiiacha kwenye chaji usiku na mchana, betri inaweza kuvimba. Nimeshaona moja imesukuma mfuniko wake nje kama andazi. Ukiona hivyo izime, usiichaji tena.

Ya nne: ruta ya 5G. Nimeiweka chini kwa sababu ya bei na eneo tu. Vodacom walianza 5G Tanzania mwaka 2022, Safaricom nao kule Kenya wakaizindua kibiashara mwaka huohuo, lakini huduma bado inategemea mtaa, na masafa ya juu ya 5G yanachoka haraka yakikutana na ukuta. Kama simu ya 5G inaonyesha 5G pale hasa unapotaka kuiweka ruta, na mfuko unaruhusu, basi kwako wewe hii ndiyo ya kwanza.

Modemu ya kuchomeka kwenye kompyuta siishauri tena kwa nyumba.

Dukani nenda na laini yako yenye bando. Mwambie muuzaji, "Kaka, naomba tuiwashe hapahapa," na laini iwe ya mtandao utakaoutumia nyumbani. Mimi niliwahi kununua iliyotumika kwa shilingi 85,000, nikaambiwa "inakubali laini zote", kufika nyumbani ikaniomba namba ya kufungulia. Ilikuwa imefungwa kwa mtandao mmoja. Nikapoteza siku mbili na nauli.

Soma pia bendi zake, yaani masafa ya mnara inayoweza kukamata. Huku kwetu unataka B3 (1800 MHz), B20 (800) na B28 (700). Hizo mbili za mwisho ndizo zinazosafiri mbali na kupenya kuta. Ruta zilizotengenezwa kwa mitandao ya Marekani mara nyingi zina B2, B4, B13 na B66. Ni nzuri kwa macho, ila nyumbani haitakamata ulichotarajia. Na ukiuziwa ruta yenye laini ndani, hakikisha laini hiyo imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Piga *106# uangalie, maana laini ya jina la mtu mwingine unaweza kuipoteza siku yoyote.

Umeme nao. Mini-UPS, yale mabetri madogo ya ruta, inakupitisha katizo la saa kadhaa. Linganisha volti kwanza: ruta nyingi ni 12V, lakini zipo za 9V, TL-MR6400 ikiwamo. Pini inaweza kuingia vizuri na ruta ikaungua.

Ikigoma, tenganisha mambo mawili: Wi-Fi na intaneti. Simu ikionyesha Wi-Fi imejaa na hakuna kinachofunguka, ruta na simu hazina ugomvi; tatizo liko kati ya ruta na mnara. Angalia bando limeisha au ni la simu pekee, kwani baadhi ya mabando hayafanyi kazi kwenye ruta. Angalia APN, ile anwani ya intaneti ya mtandao kwenye mipangilio ya ruta, ni ya mtandao wako. Toa laini, ifute vumbi, irudishe.

Ikiwa intaneti ni nzuri karibu na ruta na inakufa chumbani, hiyo ni Wi-Fi. Hamia 2.4 GHz, chagua chaneli 1, 6 au 11 isiyo na majirani wengi, na itoe ruta juu ya friji au nyuma ya TV. Inayojizima na kujiwasha yenyewe, jaribu chaja nyingine yenye volti ileile na ampea zisizopungua kabla ya kumpelekea fundi. Inayochoka jioni tu, mnara umeelemewa. Kwenye mipangilio jaribu kuibana kwenye bendi nyingine, kama ruta yako inaruhusu.

Bado haiendi? Hamishia laini ileile kwenye simu, usimame palepale ilipo ruta. Simu nayo ikikwama, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako. Simu ikienda vizuri, ifungashe ruta na chaja yake kwenye boksi, chukua risiti, uirudishe dukani siku hiyohiyo.