Spana ya kuzungusha kama cherehani: mwaka mmoja na magurudumu ya Land Rover

Nilingoja mwaka mzima kabla ya kuandika haya, kwa sababu siku ya kwanza kila chombo kipya ni kizuri. Naizungumzia ile spana ya magurudumu yenye gia ndani, unayozungusha mpini wake kwa mkono mmoja kama cherehani. Madereva wa malori wanaolala Salgaa wengi wanaijua. Yangu niliinunua mjini Nakuru kwa shilingi 5,500, ikiwa na soketi mbili, ya milimita 32 na ya 33.

Kosa la kwanza lilikuwa hapo hapo dukani. Nati za magurudumu ya gari langu, Land Rover Defender, ni za 27. Muuzaji alinihakikishia, "Hii inaingia gari lolote, mkubwa." Nilifika nyumbani Njoro nikakuta soketi zote mbili zinacheza kwenye nati kama kofia ya babu kichwani mwa mtoto. Kesho yake nikarudi mjini kutafuta soketi ya 27 yenye tundu la inchi 1 la kushika spana hiyo. Shilingi 650 nyingine, na nauli.

Gari lenyewe ni Defender 110 ya mwaka 1996, injini ya 300Tdi, rimu za chuma, tairi za 7.50R16. Kazi yake ni viazi, kutoka Mau Narok kushuka Njoro, na wakati wa mvua barabara ile haina huruma. Kilichonisukuma kununua spana hii ni pancha moja niliyopata jioni. Gurudumu lilikuwa limefungwa wiki chache kabla na kijana wa pancha mwenye mashine ya upepo, wale ambao hawaachi mpaka mashine ilie vya kutosha. Nikasimama kwa miguu yote miwili juu ya spana yangu ya msalaba. Spana ikapinda, nati ikabaki vile vile. Aliyenitoa ni utingo wa lori lililokuwa likipita. Alikuja na spana ya aina hii, akazungusha taratibu huku akipiga gumzo, nati ikalia "ta!" kama mtu amevunja kuni. Tano zote, hata sigara yake haikuisha. "Mzee, tafuta hii kitu," akaniambia.

Kwenye kufungua, basi, sina lalamiko. Sanduku linasema gia ni 1 kwa 58, maana yake unazungusha mpini mara 58 ili nati izunguke mara moja. Ni polepole, lakini ukishaivunja nguvu unaitoa spana na kumalizia kwa mkono. Binti yangu wa miaka 15 alifungua gurudumu la nyuma peke yake.

Kuna jambo lingine ambalo muuzaji hakulitaja na nadhani hata halijui. Wenye Land Rover hizi za zamani wanajua kwamba breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika propela shafti, lile bomba la chuma linalopeleka nguvu kwenye ekseli, nyuma ya gearbox. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, inaliacha lile la hewani lizunguke, na gari linaweza kukutoka hata breki ikiwa imevutwa mpaka mwisho. Langu liliwahi kusogea hatua nzima na jeki ikalala. Tangu siku hiyo ni mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine, na difu loku, inayofunga ekseli ya mbele na ya nyuma pamoja, naiweka kabla sijagusa jeki. Sasa, ukitumia spana ya kawaida yenye bomba refu la kuongezea mpini ni lazima ulegeze nati tairi likiwa chini, la sivyo unazungusha gurudumu zima. Spana hii ina mguu unaojiegemeza kwenye nati ya jirani, kwa hiyo gurudumu halizunguki hata likiwa hewani. Nikisahau nati moja wakati gari limeshapanda, siteremshi jeki tena. Kwangu mimi hilo peke yake linalipa nusu ya bei.

Ubaya wake ni kwamba mkono hausikii chochote. Kwa bomba unahisi nati inakataa, unahisi studi, ile bolti inayoshika nati, ikianza kunyumbuka, unaacha. Hapa mpini ni mwepesi ule ule hadi kitu kikatike. Studi za Defender ni nene, milimita 16, zinavumilia. Jirani aliiazima kwa Suzuki yake ya zamani, studi za milimita 12. Kuna fundi alikuwa amemwambia nati za upande wa kushoto hufunguliwa kinyume. Hilo lipo kweli kwenye malori fulani ya zamani, ila si kwenye Suzuki yake wala Land Rover yangu. Akazungusha kuelekea kukaza, kwa utulivu kabisa, mpaka studi ikakatika kama muwa. Akasogea ya pili.

Ndiyo maana sikazi nayo kamwe. Rimu ya chuma ya Defender inataka nguvu ya kukaza ya kama Nm 108 (nyutoni-mita), ambazo ni uzito wa kilo 11 tu mwishoni mwa bomba la mita 1. Huhitaji kupanda juu. Nakaza kwa kuruka nati moja moja, namaliza gari likiwa chini, na nikifika nyumbani napitia tena.

Onyo la mwisho ni la kile kifuniko cheusi cha habu, yaani kitovu cha gurudumu, cha plastiki. Mguu wa spana uliteleza mara moja ukakipasua cha mbele kulia. Usikidharau: nyuma yake kuna ncha ya ekseli yenye meno, na vumbi letu la huku likiingia na maji, meno yanaliwa, halafu kila ukiachia klachi unasikia "kok" chini. Sasa navitoa kwanza, kwa bisibisi bapa, nikibenua kidogo kidogo kuzunguka ukingo. Ukibenua sehemu moja kwa nguvu kitapasuka, hasa asubuhi ya baridi ya Mau Narok.

Naipa nyota tatu na nusu. Mwenye gari lenye studi nyembamba asipoteze pesa, anunue bomba na soketi nzuri ya pembe sita. Bawaba ya sanduku ilivunjika mwezi wa tatu. Nimelifunga kwa kipande cha tyubu, na soketi ya 27 inakaa ndani ya soksi chini ya kiti.