Mitumba ya Sabasaba, Dodoma, kwa kupanda Hanang wakati wa kipupwe: nunua koti, kiogope kiatu

Marafiki wanaotoka Dodoma kwenda kupanda mlima Hanang mwezi wa Julai wanaweza kuvaa vizuri kabisa kutoka kwenye meza za mitumba za Soko la Sabasaba. Makoti na masweta ya huko tunayapa alama za juu bila kusita. Viatu tunavipa alama za chini, na sababu yake haionekani kwa macho. Mifuko ya kulalia iko katikati.

Kwanza baridi yenyewe. Hanang, uliosimama juu ya mji wa Katesh mkoani Manyara, una urefu wa mita 3,420 hivi. Dodoma mjini ni kama mita 1,100. Joto hupungua nyuzi 6 hivi kila mnapopanda mita 1,000. Usiku wa Julai ukifika nyuzi 13 Dodoma, karibu na kilele mtakuta sifuri au jirani yake, na hapo upepo haujahesabiwa. Hata hivyo kipupwe ndiyo majira sahihi, kwa kuwa ardhi ni kavu. Wakati wa mvua nyingi mlima huu haufai, na watu wa Katesh waliopoteza ndugu zao kwenye maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Nguo inayogusa ngozi iwe jezi au fulana ya poliesta. Pamba ibaki nyumbani: kupanda kutoka Katesh ni jasho tupu, pamba hulinywa na kukaa nalo, na mkisimama dakika chache kwenye upepo mwili unapoa vibaya. Kila mtu abebe fulana mbili, moja ya kupandia na nyingine kavu ya kubadilisha mkikaribia juu. Juu ya fulana livaliwe sweta la flisi, kile kitambaa laini cha poliesta chenye manyoya. Linyooshe juani kabla ya kulipa. Palipochakaa mwanga hupenya. Vile vidonge vidogo vya nyuzi juu ya kitambaa havina shida yoyote.

Koti la nje ndilo linalostahili muda wako sokoni. Ligeuze ndani nje. Utando unaozuia maji ukibanduka vipande vipande kama magamba ya samaki, koti hilo halifai tena kwa mvua, ingawa upepo bado linauzuia. Tumia hoja hiyo kupunguziwa bei. Angalia utepe uliobandikwa juu ya mishono, hasa mabegani ambako mikanda ya begi husugua. Omba ruhusa, mwaga maji ya kujaa kifuniko cha chupa begani, subiri dakika moja, kisha gusa upande wa ndani. Zipu ivute mara kadhaa ukiwa umeipinda. Ikifumuka nyuma ya kichwa chake, mara nyingi kichwa ndicho kimelegea, na fundi cherehani hukibadilisha. Meno yakikosekana, acha. Saizi iwe ile inayopita juu ya sweta bila kubana kwapani.

Makoti ya manyoya ya bata nayo hupatikana. Liminye na uliachie: zima huinuka upesi, bovu hubaki na mabonge na sehemu tupu. Hilo ni la kuvaa mkipumzika tu, maana likilowa jasho joto lake linakwisha.

Sasa viatu. Buti za milimani zinazoonekana mpya kabisa, ngozi inang'aa na soli haijalika, ndizo za kuogopwa zaidi. Katikati ya soli ya mpira na ngozi huwa kuna tabaka la povu la poliyurethani. Povu hilo huoza polepole kwa unyevu wa hewa, hata kiatu kikikaa kabatini, kwa hiyo kilichowekwa miaka mingi bila kuvaliwa kinaweza kuwa kibovu kuliko kilichovaliwa kila wiki. Kikifika kwenye mawe soli inabanduka nzima, na mwenzake hufuata muda si mrefu kwa sababu umri wao ni mmoja. Mwambie muuzaji kwa adabu, "Dada, naomba nikikunje kidogo," halafu bonyeza povu kwa ukucha wa dole gumba. Povu zima hurudi. Likibaki na alama, likipasuka au likitoa unga, rudisha mezani hata kama bei inavutia. Gundi ya fundi viatu haiokoi kitu hapo, kwani inashika unga badala ya povu. Kinachofaa ni kiatu chenye soli ya mpira mtupu iliyoshonwa, au raba ya kawaida yenye meno marefu, aliyoizungushia fundi mshono wa uzi wa nailoni.

Wakati wa kupima, vaa soksi utakazopanda nazo na usukume mguu mbele kabla ya kufunga kamba. Kidole kimoja kipite nyuma ya kisigino. Bila nafasi hiyo, kushuka zaidi ya mita 1,500 kutaumiza kucha vibaya. Wiki mbili kabla ya safari tembeeni navyo kwenye vilima vya mawe vya Dodoma, mabegi yakiwa na uzito kamili. Mshono ukiachia huko, fundi yuko karibu.

Mifuko ya kulalia inawahusu wanaolala mlimani. Belo, yaani mizigo mikubwa ambamo mitumba husafirishwa, hufungwa kwa kugandamizwa sana, na nyuzi za kujazia zilizobanwa muda mrefu hazirudi zote. Kwenye lebo, namba ya joto la chini kabisa ni ya kunusurika, si ya kulala. Soma ile iliyoandikwa "comfort", yaani ya kulala vizuri. Chini wekeni mkeka wa povu, maana ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha.

Tochi za kichwani nunueni mpya. Kibali cha kuingia msituni ni cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na mwongozaji mchukueni Katesh. Njia ya Jorodom, inayopanda kutoka Katesh, haina maji ya kutegemea huko juu, hivyo bebeni lita 4 kila mtu kwa siku moja, pamoja na karanga na zabibu kavu. Kwenda na kurudi huchukua saa 10 au zaidi, na Julai jua linazama kabla ya saa 1 usiku. Ondokeni saa 11 alfajiri, na saa ya kugeuka, tuseme saa 7 mchana, ipangwe mkiwa bado chini: ukingo wa juu una vilele vya uongo kadhaa, vinavyoonekana kama mwisho kumbe bado, na marafiki huoneana haya kusema wamechoka. Kwa kundi la watu watano ongezeni sweta moja la flisi na jozi mbili za glovu. Zibebwe na anayetembea wa mwisho, kwa sababu anayeanza kutetemeka huwa tayari amebaki nyuma.